Karatasi ya Mkunga Ilichorwa kwa Ajili ya Nani?



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya karatasi. Si noti, si hati ya kiwanja, wala si kadi ya chama. Ni karatasi yenye miraba midogo midogo, kama ile ya daftari la hesabu, ambayo mkunga huijaza mama anapokuwa katika uchungu wa kuzaa. Wakunga wetu huiita patografu. Wengi wetu watoto wetu wamezaliwa pembeni mwa karatasi hiyo, na hatujapata kuitia machoni. Mimi niliiona mara moja, kwa mbali, na wala sikujua ninachokiona.

Ilikuwa mwaka 1993. Nilimsindikiza dada yangu, mimba yake ya kwanza, katika hospitali moja ambayo sitaitaja jina. Tulifika jua likizama. Siku zile mwanamume hakuvuka mlango wa wodi ya wazazi, basi nikabaki nje kwenye benchi na beseni, khanga mbili na chupa ya chai. Usiku kucha niliona muuguzi mmoja, mmoja tu, akipita huku na huku. Huyu anaita, yule analia, mwingine ameshaanza kusukuma. Karibu na alfajiri, kupitia dirisha lenye wavu, nikamwona amekaa mezani anaandika. Aliweka nukta moja kwenye karatasi, akatazama saa ya ukutani, akaweka nukta nyingine, kisha nyingine, kisha nyingine. Nikasema moyoni: huyu binti ni mwangalifu, Mungu ambariki.

Asubuhi tukaambiwa mtoto amezaliwa hana uhai. Dada yangu alipona baada ya majuma mengi ya kitanda. Nilichokiona dirishani nilikuja kukielewa miaka kadhaa baadaye, siku mama yangu mdogo, ambaye alikuwa mkunga mstaafu, aliponieleza karatasi ile inavyofanya kazi. Nitarudi kwa mama mdogo. Kwanza turudi nyuma tuone ilikotoka.

Kazi ya muuguzi tangu zamani ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kumtazama mgonjwa na kumpima: joto, mapigo ya moyo, pumzi, rangi ya macho, namna anavyojibu ukimwita. Ya pili ni kuamua: je, huyu asubiri, au aitiwe daktari sasa hivi? Hiyo ya kwanza wakubwa walimkabidhi muuguzi mapema. Hiyo ya pili walichelewa sana kumwachia.

Florence Nightingale, yule mama wa Kiingereza aliyekwenda Scutari mwaka 1854 kuwauguza askari wa vita vya Crimea, alitoa kitabu chake juu ya uuguzi mwishoni mwa mwaka 1859. Ndani yake aliweka sura nzima juu ya kumtazama mgonjwa. Alikuwa hapendi maswali ya jumla, ya kuuliza kama mgonjwa amelala vizuri. Alitaka muuguzi ajue mgonjwa amelala saa ngapi, na usingizi ulikuja wakati gani. Lakini Nightingale huyo huyo, alipofika Scutari, hakuwaachia wauguzi wake wagusa mgonjwa mpaka madaktari walipoomba msaada wao. Hapo ndipo desturi ilipokaa: muuguzi aone, aseme, kisha daktari aamue.

Vipimo navyo vikaja. Mwaka 1868, mjini Leipzig, daktari Carl Wunderlich alitoa kitabu juu ya joto la mwili katika magonjwa, baada ya kufuatilia wagonjwa wapatao 25,000. Alifundisha kwamba joto la mara moja halisemi mengi. Litie katika chati, siku kwa siku, utaona ugonjwa unapanda au unashuka. Na kwa kuwa daktari hawezi kukaa kitandani pa mgonjwa mchana na usiku, kipimajoto kikaangukia mkononi mwa muuguzi. Akawa yeye ndiye anayechora chati, na mwingine ndiye anayeisoma. Ukitazama sana utaona ni kama mtu aliyepewa saa na kuambiwa asiseme ni saa ngapi.

Sasa tuje kwenye uzazi. Mwaka 1954 daktari kijana wa New York, Emanuel Friedman, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 100 waliokuwa wanazaa kwa mara ya kwanza. Alipima njia inavyofunguka, kutoka kufungwa kabisa mpaka sentimita 10, akaweka nukta katika karatasi: chini saa, pembeni sentimita. Nukta zikatoa mchoro. Kwa mara ya kwanza uchungu, ambao kila bibi alijua kwamba una mwendo wake, ukaonekana kwa jicho. Lakini mchoro wa Friedman ulikuwa wa mtu wa hospitali kubwa, ambayo daktari yupo na chumba cha operesheni ki mlango wa pili.

Ndipo historia inapokuja Afrika, na hapa naomba utege sikio.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, kulikuwa na daktari wa uzazi aitwaye Hugh Philpott. Nchi iliitwa Rhodesia. Walowezi wakiongozwa na Ian Smith walikuwa wamejitangazia uhuru wao mwaka 1965, na hospitali zilikuwa za rangi mbili. Philpott alifanya kazi Hospitali ya Harari, iliyokuwa ya Waafrika. Akina mama wengi walikuwa wakizalia katika kliniki za pembezoni, mikononi mwa wakunga, na daktari alikuwa hospitali ya kati. Aliyekwama alipaswa kupelekwa. Swali lilikuwa moja: apelekwe lini? Akipelekwa kila mmoja, hospitali itafurika. Akicheleweshwa mmoja, atafika mji wa mimba umekwisha kupasuka.

Mwaka 1972, Philpott na mwenzake W. M. Castle walichapisha jibu lao. Katika mchoro ule wa Friedman waliongeza mistari miwili. Wa kwanza waliuita mstari wa tahadhari. Unapanda sentimita moja kwa kila saa moja, mwendo walioupata kwa wale wazazi wa kwanza waliokwenda taratibu kuliko wenzao. Nukta za mama zikibaki kushoto ya mstari huo, endelea kumtunza hapo hapo. Zikiuvuka kwenda kulia, mkunga wa kliniki anatakiwa aanze mipango ya kumpeleka mama hospitali. Mstari wa pili, wa kuchukua hatua, waliuchora sambamba na wa kwanza, mbele yake kwa muda wa saa nne. Mama akifika huo, daktari lazima atende jambo.

Sasa jiulize, kwa nini saa nne? Kwa sababu kati ya mstari na mstari kuna barabara. Kuna gari linalotakiwa litafutwe, kuna mvua, kuna daraja. Saa nne zile ziliwekwa ili mama apate kusafiri kabla mambo hayajaharibika. Ni karatasi iliyochorwa na mtu aliyejua kwamba mkunga yuko mbali, na kwamba hakuna wa kumuuliza. Kwa maneno mengine, mstari wa tahadhari haukuchorwa kwa ajili ya daktari. Ulichorwa kwa ajili ya mkunga, apate kuamua mwenyewe, na akiulizwa kwa nini ameamua, aonyeshe karatasi.

Wazo hilo likasafiri. Mwezi Februari mwaka 1987, wajumbe walikutana jijini Nairobi katika mkutano wa Uzazi Salama, ulioitishwa na Benki ya Dunia, Shirika la Afya Duniani na Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Idadi ya Watu. Waliambiwa kwamba dunia ilikuwa inapoteza kama akina mama nusu milioni kila mwaka kwa sababu za uzazi, na sehemu kubwa kabisa ni katika nchi maskini. Mwaka uliofuata, 1988, Shirika la Afya Duniani likatoa patografu yake, yenye mistari ile ile miwili ya Philpott na Castle.

Kisha likaipeleka kwenye mtihani. Katika hospitali za Indonesia, Malaysia na Thailand walifuatilia wanawake 35,484, kabla na baada ya karatasi kuanza kutumika. Matokeo yalitoka mwaka 1994. Uchungu uliopitiliza muda ulishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Operesheni za dharura zilishuka kutoka asilimia 9.9 hadi 8.3. Watoto waliokufa wakati wa uchungu walipungua kutoka 5 hadi 3 katika kila uzazi 1,000. Wanaosema hizo ni namba ndogo hawajapata kukaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi.

Tangu hapo patografu ikaenea duniani. Ikawa somo la kila chuo cha wakunga na fomu ya kila jalada la mzazi. Na ikawa, ndugu msikilizaji, jambo ambalo huzipata karatasi zote nzuri: ikawa ya kukaguliwa. Msimamizi akija anauliza, je, imejazwa? Haulizi, je, ilimsaidia nani kuamua nini?

Hapa ndipo ninaporudi kwa mama mdogo.

Nilikuwa nimemtembelea kumjulia hali, mazungumzo yakaangukia kwa dada. Nikamsimulia juu ya yule muuguzi mwangalifu niliyemwona alfajiri akiweka nukta moja baada ya nyingine. Mama mdogo akanyamaza kidogo, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," akasema, "nukta haziwekwi zote kwa mkao mmoja. Mapigo ya moyo wa mtoto yanasikilizwa kila nusu saa. Njia inapimwa kila baada ya saa nne. Ukimwona mkunga anaziweka zote pamoja, ujue anaandika usiku ambao hakuuona."

Sikupata la kusema. Nikamuuliza: basi yule binti alitudanganya?

"Alikuwa na wazazi wangapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sikuwahesabu, lakini sauti zilikuwa nyingi, labda kumi, labda zaidi.

"Na yeye peke yake?"

"Peke yake."

"Basi usiniulize kama alidanganya. Niulize nani angeweza kuwatazama kumi kila nusu saa. Ile karatasi si ya kumwandikia mganga mkuu. Ni ya kumwambia mkunga lini aondoke na mama. Ikijazwa asubuhi ni sawa na kupiga king'ora nyumba ikishakuwa majivu."

Kisha akanisimulia yake. Alipokuwa bado kijana aliwekwa zahanati ya mbali. Usiku mmoja nukta za mzazi wake zilivuka mstari wa kwanza. Hakungoja wa pili. Akaamsha mwenye lori la mkaa, wakampakia mama, wakaenda. Kufika hospitali, daktari wa zamu akamfokea mbele ya watu: kwa nini umemleta mapema hivi, huyu angeweza kuzaa huko huko, ninyi wa zahanati kazi yenu ni kutujazia vitanda. Mama yule alizaa salama kabla ya jua kutoka, kwa njia ya kawaida. Wiki nzima mama mdogo aliona aibu. Mwezi uliofuata akapata mwingine wa namna ile ile, akampeleka tena.

"Afadhali nitukanwe na daktari kuliko nilaaniwe na mzazi," akaniambia. "Lakini si kila mkunga ana moyo wa kutukanwa mara mbili."

Maneno hayo nimekaa nayo miaka mingi, maana yanaeleza lile ambalo tarakimu hazielezi. Uamuzi wa muuguzi unahitaji mambo matatu. Kwanza, apate nafasi ya kutazama. Pili, ajue anachokiona. Tatu, akisema, asikilizwe. Karatasi husaidia lile la pili tu. La kwanza ni la idadi ya watu kwenye zamu, na la tatu ni la heshima. Ukitoa karatasi bila hayo mengine mawili umetoa kalamu kwa mtu uliyemfunga mikono.

Wala si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Mwaka 2018 wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima pamoja, walitazama majaribio ya patografu. Hawakupata ushahidi wa wazi kwamba kuitumia tu kama desturi hubadili hali ya mama na mtoto. Wapo waliosema basi itupwe. Mimi nasema hapana. Ngoma haichezi yenyewe, yataka mpigaji. Kwanza tuulize katika wodi zetu mpigaji yuko wapi.

Mwaka huo huo 2018 likatokea jambo jingine. Watafiti waliofuatilia wanawake zaidi ya 5,000 katika hospitali za Nigeria na jirani zetu Uganda walitangaza kwamba wanawake wengi huenda polepole kuliko sentimita moja kwa saa na bado wakazaa salama. Maana yake ule mstari wa Salisbury, uliookoa watu, ulikuwa pia unawapeleka wengine kwenye kisu bila sababu. Shirika la Afya Duniani likasema mwendo huo wa sentimita moja kwa saa usiwe tena kigezo cha kumwingilia mama. Mwaka 2020 likatoa karatasi mpya, mwongozo wa kumtunza mama katika uchungu.

Hiyo mpya haina mistari miwili. Kila kipimo kina kikomo chake pembeni, na kikivukwa, mkunga anakizungushia duara. Mama akikaa kwenye sentimita 5 kwa saa 6 bila kusogea, zungushia duara. Akikaa kwenye sentimita 9 kwa saa 2, zungushia duara. Mna pia maswali ambayo ya zamani haikuyauliza: je, mama ana mtu wa kumshika mkono? Je, amekunywa kitu? Je, maumivu yake yametulizwa? Na mwisho kabisa, kila mara anapopima, kuna nafasi ya mkunga kuandika anaona nini na amekusudia kufanya nini, baada ya kuzungumza na mama mwenyewe. Nafasi hiyo ya chini ndiyo iliyonifurahisha. Tangu Scutari mpaka leo ni zaidi ya miaka 160, na hatimaye fomu inamuuliza anayetazama: wewe unaonaje?

Sisemi kwamba hatujasogea. Tafiti za kitaifa za hapa Tanzania zilikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, na utafiti wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Hiyo ni kazi ya watu wengi: vituo vilivyojengwa, vyumba vya operesheni vilivyosogezwa karibu, magari, damu, na wakunga waliokesha. Lakini 104 ni wanawake, kila mmoja na jina lake. Na watoto wanaokufa katika saa za mwisho, kama yule wa dada yangu, hawamo katika hesabu hiyo.

Basi wewe msomaji, ambaye pengine si mkunga wala daktari, ufanye nini? Ukimpeleka mzazi wako, muulize muuguzi kwa adabu maswali mawili: njia imefunguka kiasi gani, na utampima tena saa ngapi? Hayo si matusi. Ni maswali yatakayomkumbusha kwamba kuna mtu anayehesabu pamoja naye. Uliza pia wako wangapi kwenye zamu. Ukiambiwa ni mmoja, usimkaripie huyo mmoja. Kesho yake nenda kwa diwani, kwa mganga mfawidhi, kwa mbunge, ukawaulize wao.

Na wewe daktari unayenisoma, mkunga wa zahanati akikuletea mama "mapema", mpokee na umshukuru. Ukimfokea leo, kesho kutwa atakuletea mwingine kwa kuchelewa, na hapo utakuwa umemfundisha wewe.

Dada yangu alijaliwa watoto wawili baadaye. Wa kwanza hatumsahau. Yule binti wa zamu nilimkasirikia kwa miaka mingi, kwanza kwa sababu mtoto alikufa, kisha kwa sababu ya zile nukta. Siku hizi hasira yangu imehama. Namkumbuka jinsi alivyokuwa akitazama saa ya ukutani, mtu aliyefundishwa kazi yake vizuri na anayejua kabisa kwamba saa zimekwisha kupita. Ningekutana naye leo nisingemuuliza kwa nini alizijaza. Ningemuuliza: ni nani aliyepanga zamu ile?

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.